Kuvuka Kasumulu kwa Siku Mbili: Mwongozo kwa Anayeongoza Kundi la Wageni Kutoka Mbeya Hadi Karonga

Jiji la Mbeya na wilaya zinazolizunguka lina wageni wengi ambao si watalii wa kupita: madaktari na wauguzi, walimu, watafiti wa kilimo, vijana wanaojitolea kwa mwaka mmoja, wahandisi wa miradi, na familia za wamisionari. Wakishakaa miezi michache, wakawa wamepanda hadi ziwa Ngosi, wamelitazama Daraja la Mungu kule Kiwira, wamekwenda Kitulo wakati wa maua na kulala Matema, huanza kuuliza habari za Malawi, kwa sababu wanaiona kwenye ramani kuwa iko karibu. Kazi ya kuwapeleka kwa kawaida humwangukia Mtanzania anayefanya nao kazi, ambaye anajua njia, anajua lugha, na anaheshimiwa na dereva. Mwongozo huu nimemwandikia huyo, ingawa mgeni anayesoma Kiswahili naye ataona humu yanayomhusu.

Jambo ninaloomba lishikwe tangu mwanzo ni kwamba safari ya siku mbili kuvuka mpaka huamuliwa kati ya Jumatatu na Alhamisi, mezani, karatasi zikiwa wazi. Barabara ni ya lami mwanzo hadi mwisho, mwendo wenyewe si mrefu, na watu wa pande zote mbili ni wakarimu. Kinachokwamisha kundi ni pasipoti ya mtu mmoja ambayo hakuna aliyeifungua kabla ya asubuhi ya safari.

Uchaguzi wa mahali

Kutoka Mbeya mjini hadi Kasumulu, ambako mto Songwe ndio mpaka, ni zaidi kidogo ya kilomita mia moja kwa njia ya Uyole, Kiwira na Tukuyu. Kutoka mpakani hadi mji wa Karonga ni takriban kilomita hamsini, zaidi zikiwa za tambarare ya kando ya ziwa Nyasa. Kwa hiyo Karonga ndiyo inayoingia vizuri ndani ya Jumamosi na Jumapili, bila kumlazimisha dereva kuendesha usiku.

Wageni watakutajia Livingstonia, na wana haki ya kuitamani. Ni kituo cha misheni ya Waskoti kilichoanzishwa juu ya mlima mwaka 1894 chini ya Robert Laws, chenye majengo ya zamani, maporomoko ya Manchewe, na mandhari ya ziwa ambayo mtu hasahau. Lakini kutoka Karonga hadi Chitimba ni mwendo mwingine wa kusini, na kutoka Chitimba unapanda njia ya mawe yenye kona kali zipatazo ishirini, ambazo gari la chini haliziwezi na mvua huzifanya kuwa hatari. Ushauri wangu ni kwamba Livingstonia iwekwe kwenye wikiendi yenye siku ya tatu. Saba Saba ikiangukia Jumatatu hutoa nafasi hiyo, ila kumbuka kwamba tarehe 6 Julai ni sikukuu ya uhuru wa Malawi, uliopatikana mwaka 1964, kwa hiyo nyumba za wageni hujaa na baadhi ya ofisi hufungwa. Anayesisitiza kufika Nkhata Bay au Lilongwe kwa siku mbili mwambie ukweli kwa upole: atakuwa analipa fedha ili akae ndani ya gari.

Pasipoti moja moja, si kundi

Kosa linalorudiwa na waongozaji wengi ni kuuliza swali moja kwa watu wote: “Je, wazungu wanahitaji visa kuingia Malawi?” Swali hilo halina jibu. Afisa wa uhamiaji hatazami kundi. Anatazama uraia wa kila mtu, hali ya kibali chake cha kukaa Tanzania, na kurasa za pasipoti yake. Chukua daftari, andika jina la kila anayesafiri, wakiwemo Watanzania na dereva, na mbele ya kila jina jibu maswali yafuatayo kabla hujapokea mchango wake.

La kwanza ni la kuingia Malawi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Malawi iliwafutia visa raia wa nchi nyingi, kisha mwaka 2025 ikarejesha masharti kwa raia wa nchi ambazo nazo zinawadai Wamalawi visa. Matokeo yake ni kwamba watu wawili wanaokaa nyumba moja hapa Forest au Uzunguni wanaweza kuwa na masharti tofauti kabisa. Usitegemee habari za mtu aliyevuka mwaka juzi. Kila mmoja aingie katika tovuti rasmi ya visa ya serikali ya Malawi, asome masharti ya uraia wake, na kama anatakiwa kuomba, aombe siku nyingi kabla na achapishe jibu kwenye karatasi. Karatasi ni muhimu, kwa sababu mtandao wa simu pale mtoni hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine, na si wakati wa kutafuta barua pepe.

La pili ndilo linalosahaulika zaidi, nalo ni la kurudi Tanzania. Mwenye kibali cha ukaazi kilicho hai hana shida, mradi awe nacho mkononi na kisiwe kimebakiza siku chache. Mwenye visa ya kawaida ya kuingia mara moja anapogongewa muhuri wa kutoka Kasumulu, visa hiyo imekwisha kazi, hata kama tarehe zake zilikuwa zimebakiza miezi miwili. Atakaporejea Jumapili atahitaji visa mpya, ambayo kwa mataifa mengi ni dola 50. Raia wa Marekani kwa kawaida hupewa visa ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi kwa dola 100, kwa hiyo wao huwa wametulia. Vijana wanaojitolea kwa muda mfupi ndio wanaopatikana na jambo hili, na ni haki yao kuambiwa gharama hiyo mapema, waamue wenyewe kama safari inawafaa. Na yule ambaye kibali chake kiko ofisini kinahuishwa abaki Mbeya. Hakuna barua ya mwajiri inayoweza kuchukua nafasi ya kibali chenyewe.

Zaidi ya hayo, pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita mbele na kurasa mbili tupu. Mwenye mtoto abebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na mzazi anayesafiri peke yake na mtoto abebe barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake.

Watanzania katika kundi hawahitaji visa kuingia Malawi, lakini wanahitaji hati ya kusafiria. Asiye na pasipoti aende ofisi ya Uhamiaji ya mkoa akaombe hati ya dharura, na aende mwanzoni mwa wiki akiwa na kitambulisho cha taifa na picha. Nasisitiza hili kwa sababu katika makundi mengi kila mgeni anahojiwa kuhusu pasipoti yake, na dereva, ambaye safari nzima inamtegemea, haulizwi chochote mpaka Ijumaa jioni.

Mwisho ni kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Kila msafiri aibebe ndani ya pasipoti, kwa sababu maofisa wa afya mpakani huweza kuiomba upande wowote. Cheti huanza kutumika siku kumi baada ya chanjo, na tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linakitambua kuwa cha maisha, kwa hiyo mwenye kadi ya zamani asidanganywe kuwa imekwisha muda.

Gari

Kundi la watu watatu au wanne wasio na mizigo linaweza kwenda kwa usafiri wa umma: magari ya Kyela yanaondoka stendi ya Nanenane, unashuka kwenye njia panda ya Kasumulu kabla ya Kyela mjini, unamalizia kwa bodaboda, unavuka kwa miguu, na upande wa pili unakuta teksi za kuchangia zinazokwenda Karonga. Ni safari nzuri na ya bei nafuu, lakini huwezi kuipangia saa. Kundi kubwa linahitaji gari lake.

Gari linalovuka mpaka lina karatasi zake kama binadamu. Beba kadi halisi ya gari. Ikiwa gari ni la shirika au la kukodi, beba barua ya mmiliki yenye muhuri inayomtaja dereva kwa jina na kuruhusu gari litoke nje ya nchi kwa tarehe hizo. Bima ya hapa nyumbani haivuki mto peke yake, hivyo muulize wakala wako wa bima akupe ile kadi ya njano ya COMESA (jumuiya ya soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), ambayo Tanzania inashiriki ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Uangalie usichanganye: kadi mbili za njano zitatajwa mpakani, moja ya chanjo na moja ya gari, na nimeona watu wakitoa moja walipoombwa nyingine huku foleni nyuma yao ikirefuka. Forodha ya Malawi itakuandikia kibali cha muda cha kuingiza gari, na kibali hicho ukitunze mpaka ukirudishe siku ya kutoka. Gari liwe na pembetatu mbili za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto, tairi ya akiba iliyojazwa upepo, na taa zinazowaka zote, maana vizuizi vya polisi kati ya Songwe na Karonga ni vya kawaida na pembetatu ni kitu cha kwanza kuulizwa.

Kuhusu dereva, tafadhali mhesabu kama msafiri. Chumba chake, chakula chake na posho yake viingie katika mchango wa kundi tangu mwanzo, visiachwe kuwa jambo la kukumbukwa usiku wa Jumamosi wakati kila mtu ameshapata ufunguo wake. Mtu aliyelala kwenye kiti cha gari katika joto la Karonga ndiye huyo huyo mnayemtaka awapandishe milima ya Rungwe kesho yake.

Fedha, mafuta na vilivyomo kwenye buti

Kwacha ya Malawi ilishushwa thamani kwa kiasi kikubwa mnamo Novemba 2023, na tangu hapo bei zimekuwa zikipanda, kwa hiyo sitakuandikia bei ambazo zitakuwa zimepitwa utakaposoma. Teua mweka hazina mmoja asiye dereva na asiye wewe. Kila mtu achangie shilingi kwa gharama za pamoja, kisha abebe dola kiasi, noti safi zisizokunjwa, kwa ajili ya visa kama inamhusu. Noti kubwa kabisa ya Malawi ni ya kwacha 5,000, hivyo fedha za kundi zitakuwa kitita kinene. Beba mfuko wa kufungwa, usitegemee pochi.

Mkifika Kasumulu, vijana wa kubadilisha fedha watalikimbilia gari kabla halijasimama. Wengine ni waungwana, wengine ni wepesi wa vidole, na wepesi wao uko kwenye kukunja noti: anahesabu mbele yako, anakupa, anaomba azirudie kuhesabu, na zinaporudi mkononi mwako zimepungua katikati. Ubadilishaji wa mitaani hauruhusiwi kisheria pia, na mgeni akikamatwa nao ataharibu safari ya wote. Badilisheni katika ofisi au benki yenye leseni, na huko pia hesabuni kwa utulivu kabla ya kuondoka dirishani.

Mafuta yajazwe upande wetu, Tukuyu au njia ya Kyela, hadi juu. Malawi imekuwa na vipindi virefu vya uhaba wa mafuta, na kuwaona watu wamepanga magari kituoni tangu alfajiri si jambo la ajabu. Kutoka Kyela hadi Karonga na kurudi ni umbali ambao tangi moja linatosha kabisa. Usibebe madumu ya petroli garini ukidhani unajihami, kwa sababu forodha watayahesabu kuwa bidhaa, nayo ni hatari kwa abiria.

Vyakula vinahitaji tahadhari ya pekee. Mtu wa Rungwe akienda kutembea hubeba ndizi, na mtu wa Kyela hubeba mchele, huo ndio ustaarabu wetu. Lakini mwezi Machi 2025 Malawi ilizuia kuingizwa kwa baadhi ya mazao, yakiwemo mchele, unga, tangawizi na ndizi, na mwezi uliofuata Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao kutoka Malawi, mpaka nchi hizo mbili zilipokaa na kuzungumza. Vizuizi vya namna hiyo huja na kuondoka. Kwa safari ya siku mbili bebeni vitafunwa vilivyofungwa na maji ya njiani, mazao mabichi myaache nyumbani. Mkirudi pia msije na mifuko ya plastiki ya madukani, kwa kuwa Tanzania ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu tarehe 1 Juni 2019. Bebeni vikapu au mifuko ya kitambaa.

Mwambieni kila mgeni waziwazi, bila kuona haya, kwamba bangi haivuki mpaka huu kuelekea upande wowote. Karonga na fukwe za kusini zina vijana watakaoiuza kwa tabasamu, na wapo wasafiri wanaoamini kuwa huko si kosa kubwa. Mzigo wa mtu mmoja ukikutwa nayo, gari zima litazuiwa.

Saa tatu tofauti

Tanzania iko mbele ya Malawi kwa saa moja. Jambo hili dogo limeyachelewesha makundi mengi kuliko ubovu wa magari. Ukiongeza kwamba Mtanzania anahesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua, na mgeni anahesabu kuanzia usiku wa manane, basi neno “saa tatu” ndani ya gari moja linaweza kuwa na maana tatu. Simu za wengine zitajibadilisha zenyewe mara zitakaposhika mtandao wa Malawi, za wengine hazitabadilika, na ukiwa Kasumulu simu moja inaweza kuruka huku na huku ndani ya nusu saa.

Dawa yake ni kuandika ratiba kwenye karatasi yenye safu mbili, saa ya Tanzania na saa ya Malawi, na kumgawia kila mtu nakala. Mkiwa Malawi, semeni saa ya Malawi tu. Mnapokwenda mnaongezewa saa moja, na ni faraja. Mnaporudi mnanyang'anywa, na hapo ndipo watu wanapokutwa na giza Tukuyu.

Jumamosi

Ondokeni Mbeya saa kumi na mbili asubuhi. Mkishapita Uyole na Igawilo barabara hupanda kwenye baridi ya Isyonje, ambako ni juu ya mita 2,000, na kwa miezi mingi ya mwaka mtakuta ukungu mzito kiasi cha kutoona lori lililo mbele. Dereva awashe taa na asilazimishwe kulipita lori. Trafiki wenye tochi huwa kwenye miteremko ya vijijini, na mwendo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi ni sheria inayosimamiwa kweli. Baada ya Kiwira mnaingia kwenye migomba na chai, mlima Rungwe ukiwa kushoto, na Tukuyu ni mahali pazuri pa kunywa chai ya maziwa na kutumia choo, kwa kuwa mpakani choo si jambo la kutegemea.

Kutoka Tukuyu mnateremka zaidi ya mita 1,000 hadi bonde la Kyela. Masikio yataziba, makoti yatavuliwa, na wageni wanaoishi kwenye baridi ya Mbeya watashangaa kuona kakao na minazi saa mbili tu baada ya kuacha moto wa mkaa. Ziwa lenyewe liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana hapa inaanza nchi ya malaria, na dawa za kinga, kwa wanaozitumia, zilipaswa kuanzwa kabla ya siku hii kwa ushauri wa daktari.

Mkikaribia Kasumulu, simamisheni gari kabla ya geti na mpange mambo ndani ya gari: kila mtu awe na pasipoti yake mkononi, kadi ya chanjo ndani yake, kibali au visa ukurasa uliokunjwa, kalamu mfukoni. Msimkabidhi kijana yeyote pasipoti zenu, hata akiwa na kitambulisho kifuani na akisema anawasaidia kuwahi. Wapo mawakala halali wa mizigo mpakani, lakini msafiri wa mapumziko hahitaji wakala. Utaratibu ni wa kueleweka: afya, kisha Uhamiaji wa Tanzania kwa muhuri wa kutoka, forodha kwa gari, halafu upande wa Malawi hatua zile zile kwa kuingia. Hakikisheni mihuri yote ipo na tarehe zake zinasomeka kabla ya kuondoka kila dirisha, maana mtu asiye na muhuri wa kutoka Tanzania atakuwa na maelezo magumu Jumapili.

Wewe kiongozi simama wa kwanza kwenye foleni na wa mwisho kuondoka. Mwamkie afisa kwa heshima, mweleze kwa sentensi moja kwamba ni kundi la watu kadhaa wanaokwenda Karonga na kurudi kesho, taja nyumba ya wageni mtakayolala, kisha nyamaza umwache afanye kazi. Wageni wengine, kwa nia njema, hupenda kueleza mambo mengi, kufanya mzaha, au kupiga picha ya daraja la Songwe. Waambie mapema kwamba picha mpakani haziruhusiwi, na kwamba ada inayodaiwa ilipwe kwa risiti. Anayedai bila risiti aombwe risiti kwa sauti ya chini, mara ya pili na ya tatu, bila hasira. Aghalabu suala huishia hapo.

Karonga

Mkifika mjini saa nne na nusu au saa tano asubuhi ya Malawi, mtakuwa na siku nzima. Shaurini vyumba viwe vimewekwa kwa simu tangu katikati ya wiki, na mmeuliza mambo manne: vyandarua, jenereta au sola wakati umeme unapokatika, maegesho ndani ya uzio, na chumba cha dereva. Laini ya simu ya Malawi husajiliwa kwa pasipoti; kwa siku mbili inatosha mtu mmoja au wawili kuwa nayo.

Msikimbilie ziwani kwanza. Nendeni kwenye makumbusho ya Karonga, yaliyofunguliwa mwaka 2004, kwa sababu ndiyo sababu kubwa ya kuja hapa na wageni wengi hawajui. Ndani kuna mfano kamili wa mifupa ya Malawisaurus, dinosaria wa shingo ndefu ambaye masalia yake yalipatikana katika miamba ya wilaya hii katika miaka ya 1920 na ambaye alipewa jina hilo mwaka 1993. Ukisimama chini ya shingo yake, pua ikiwa juu ya kichwa chako, unaelewa mara moja kwa nini watoto wa shule za Karonga wanachora dinosaria kwenye kuta zao. Pia imeelezwa humo habari ya taya la binadamu wa kale lililopatikana Uraha mwaka 1991, lenye umri wa takriban miaka milioni 2.4. Kwa mtu anayetoka nchi ya Olduvai hili ni jambo la kumgusa: bonde letu la ufa linaendelea hadi hapa, na watu wa kale waliishi pande zote za mto ambao leo tunaugongea mihuri.

Sehemu ya historia ya karibu inatuhusu sisi Waswahili hata zaidi, na ningependa Mtanzania wa kundi aieleze mwenyewe badala ya kuachia kibao cha ukutani. Mwishoni mwa karne ya 19 Karonga ilikuwa kituo cha biashara ya pembe za ndovu na watumwa chini ya Mlozi, mfanyabiashara wa Kiswahili aliyejitangazia utawala juu ya Wangonde. Alipigana na kampuni ya Waingereza ya African Lakes kuanzia mwaka 1887, na mwaka 1895 Harry Johnston, kamishna wa Waingereza, alimkamata na kumnyonga. Wenyeji wanalikumbuka jina lake kwa uchungu, na mgeni anayeongea Kiswahili mjini humo afahamu kwamba lugha yake imepita hapa ikiwa na historia hiyo. Miaka 19 baadaye, Septemba 1914, majeshi ya Wajerumani kutoka upande wetu na ya Waingereza kutoka upande huu yalipigana papo hapo Karonga. Wengi waliobeba mizigo na kufa katika vita hivyo walikuwa Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa.

Wenyeji wengi ni Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa kwa asili na kwa lugha, ambao mtawala wao wa jadi huitwa Kyungu. Ikiwa kuna Mnyakyusa kwenye kundi, mpeni nafasi ya kuongea. Akisema “ndaga” sokoni bei na uso vyote hubadilika. Kiswahili kinasikika sana mjini, Kitumbuka na Kichewa pia. Suala la mpaka wa ziwa kati ya serikali zetu mbili, ambalo chanzo chake ni mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, litaibuka tu mtu akishakunywa bia mbili. Kiongozi alizime kwa adabu. Si la kumalizwa na watalii wa siku mbili.

Alasiri ndiyo ya ziwa. Maji yanapendeza na mgeni atataka kuruka ndani, lakini ziwa hili lina kichocho. Konokono wake hukaa penye majani na maji yaliyotuama, hivyo oga penye mchanga wazi na mawimbi, kaa muda mfupi, jifute kwa taulo mara moja, na midomo ya mito iachwe kabisa kwa sababu ya mamba na viboko. Jioni kuleni samaki wa ziwani, chambo au mpasa, wa kuchoma kwa nsima, ambayo Mbeya tungeiita ugali laini kidogo, na muagize chakula saa mbili kabla ya njaa kuwashika.

Jumapili

Waliozoea ibada waende ya kwanza, wengine wapite sokoni kununua vitenge. Saa tano asubuhi kwa saa ya Malawi gari liwe linatoka Karonga. Mpakani rudisheni kibali cha gari upande wa Malawi, pateni muhuri wa kutoka, kisha waliohitaji visa mpya ya Tanzania watangulie dirishani ili wengine wawasubiri huku wakiendelea. Mkitoka Kasumulu kabla ya saa tisa alasiri ya Tanzania, mtapanda Rungwe mchana na kuingia Uyole kabla ya giza, hata malori yakiwa mengi.

Mweka hazina afunge hesabu ndani ya gari, risiti zote zikiwepo, na kilichobaki kirudishwe siku hiyo hiyo.

Walioogelea waende hospitali baada ya wiki sita hadi nane wakaulizie dawa ya kichocho, kwa kuwa dawa hiyo inayomezwa mapema mno haiui minyoo iliyo michanga. Yeyote atakayepata homa katika wiki zinazofuata, hata ikiwa ni ndogo na hata kama alikuwa anameza kinga, apime malaria siku hiyo hiyo na amwambie daktari kwamba alilala Karonga, kwa sababu anayeishi kwenye baridi ya Mbeya anaweza kudhaniwa kuwa na mafua.